Ngamia wa Kitovu

Nairobi, 9 Juni 2024

Kwa Abti Kerrow,

Assalaamu alaykum warahmatullah. Mimi ni mzima, Alhamdulillahi, ila baridi inanionea. Juni ya Nairobi haikuumbiwa watu wa kwetu. Hooyo, mama yangu, yuko Eastleigh kwa dada yangu Ruweyda, analea mjukuu na kukulalamikia wewe kaka yake kwamba tangu Ramadhani hujamtumia hata kopo moja la samli. Ayeeyo Ardo, mama yenu, hajambo? Na magoti yake? Nasikia Balambala majani yamekwisha na mmeusogelea mto. Mungu awafungulie.

Sasa abti, kaa chini. Ulinikataza kukupigia simu kwa sababu ukipokea wewe, kijiji kizima kinakaa kusikiliza. Hili nataka ulisikie peke yako kwanza.

Kampuni yetu imeamua kutengeneza dawa ya sumu ya nyoka hapa hapa Kenya! Hii inayoletwa hospitali zetu hutoka ng'ambo, na ikikosa friji inaharibika. Mtu anaumwa na kifutu huko kwenu, anahangaishwa hadi Garissa, anafika anaambiwa dawa imekwisha. Sisi tutatumia ngamia. Unamdunga sumu kidogo sana, isiyoweza kumdhuru, unaongeza pole pole kwa miezi, na damu yake inajifunza kuishinda. Kisha unamtoa damu kiasi, unaichuja, unaitoa ile kinga na kuikausha iwe unga. Kinga ya ngamia inavumilia joto, abti. Unga huo utakaa dukani Liboi bila friji na hautaharibika.

Nimewaambia wakubwa kiwanda kijengwe Garissa. Wao wanataka Athi River, karibu na uwanja wa ndege na karibu na nyumba zao. Nimebishana hadi sauti imenikauka. Mwishowe mkuu wetu, Daktari Nduku, akaniambia: "Nipatie kundi la ngamia wenye afya Garissa kabla mwaka haujaisha, nami nitaipigania Garissa mbele ya bodi. Ukikosa, tunajenga Athi River na usinung'unike."

Hebu fikiria! Wasichana wanaosoma chuo Garissa wavae makoti meupe kwao, si kwa watu. Wakulima wa kando ya Tana watuuzie majani. Madereva, mafundi wa mitambo, wapakiaji, wote watoke hapo hapo. Na tukiiweza hii, chanjo za mbuzi zinafuata. Nimejawa na furaha, abti.

Ngamia watapatikana? Niambie watapatikana.

Mpwa wako anayekusubiri,
Idman


Balambala, 27 Juni 2024

Abti Idman,

Wa alaykum salaam, mpwa wangu. Barua yako ililetwa na dereva wa lori la mafuta, imekunjwa na inanuka dizeli, lakini nimeisoma yote. Sisi wazima. Magoti ya ayeeyo wako ni yale yale, ulimi wake ndio unaozidi nguvu. Mwambie hooyo wako kwamba samli hutoka kwa maziwa, maziwa hutoka kwa majani, na majani hutoka kwa mvua, kwa hiyo lalamiko lake alipeleke juu.

Sasa tuje kwa hayo mambo yako. Kiswahili changu nilikichuma Mombasa nilipokuwa naendesha malori ya ng'ombe, na nilidhani nimesikia kila aina ya maneno. Sijawahi kusikia mtu mwenye akili timamu akiomba ngamia ili amtie sumu. Nilikusoma mara ya kwanza nikasema huyu mtoto amechoka. Mara ya pili nikamkumbuka Kinsi, mke wa jirani yetu, aliyeumwa na nyoka akikusanya kuni, na jinsi tulivyomlaza ndani ya gari tukimwambia Garissa si mbali. Ilikuwa mbali. Basi mara ya tatu nikaenda kwa Sheikh Shuaib kumuuliza habari ya damu. Akasema kuinywa ni haramu na hilo kila mtoto analijua, lakini dawa ya kuokoa roho, iliyochujwa na kusafishwa, ni jambo lingine. Hapo nikapumua.

Ujue kitu kimoja. Hapa mtu hauzi ngamia jike mzuri. Atakuuzia dume mzee anayeuma watu. Kampuni yako ikija na mifuko ya pesa, itaondoka na vilema wote wa wilaya. Kwa hiyo kazi hiyo niachie mimi. Ngamia watakuja, na watakuwa wazuri. Namna ya kuwapata ni shauri langu.

Hujaniambia utarudi lini. Hooyo wako anasema una rafiki wengi huko. Mimi sikuulizi kwa ubaya.

Abti yako,
Kerrow


Nairobi, 21 Julai 2024

Kwa Abti Kerrow,

Salamu nyingi kwako, kwa Ayeeyo na kwa wote wanaokunywa chai hapo kwako bila kualikwa. Sisi wazima. Mtoto wa Ruweyda ameota jino na amemng'ata hooyo kidole, kwa hiyo habari ya samli imesahaulika kidogo.

Abti, mambo yanakwenda! Tumepewa eneo la majaribio nje ya Garissa, karibu na mto. Zizi linajengwa, na kibanda cha maabara ndogo kina umeme wa jua. Tumemwajiri daktari wa mifugo, Kadar, kijana wa Wajir mwenye subira ya ajabu. Sumu ya mwanzo imeshaandaliwa. Tunangoja ngamia tu.

Nilimsomea Daktari Nduku ile sentensi yako ya vilema wote wa wilaya. Alicheka hadi akavua miwani. Lakini ananiuliza, na mimi nakuuliza: utawapataje bila kununua? Wenyewe wanawatoa hivi hivi? Wamekubali? Niandikie japo mistari miwili, kwa sababu bodi inataka kujua.

Wako,
Idman


Garissa, 18 Agosti 2024

Abti Idman,

Salaam. Ninakuandikia nikiwa nimekaa kwenye gunia la chumvi, mbele ya zizi lenu, na zizi limejaa.

Ungeona! Ngamia wametoka Balambala, wengine mbali kama Kotile, wamepita mjini asubuhi na watu wakaacha maduka. Kila mmoja ana alama ya ukoo wake shingoni. Kadar alitaka kuwapaka namba za kampuni kwa rangi, nikamwambia afunge kitambaa tu mguuni, inatosha. Yupo jike mmoja mweupe, mrefu, anayetembea kana kwamba mji wote ni wake. Huyo nimemleta mimi mwenyewe ili kundi litimie.

Unauliza wenyewe wamekubali? Wangefika hapa kama hawajakubali? Nimekaa na kila mzee, nimekunywa chai hadi tumbo limekataa. Wametoa. Waambie hao wa bodi waandike hivyo na waache maswali.

Ayeeyo wako hajui bado kwamba mweupe yuko Garissa. Usimwambie ukimwandikia.

Kerrow, aliyechoka kwa furaha


Nairobi, 13 Oktoba 2024

Abti, abti, abti!

Assalaamu alaykum, nyumbani wote wazima, hooyo mzima, mtoto mzima, sasa nisikilize!

Imekubali! Tulichukua damu ya ngamia wote, tukaichuja, tukaipambanisha na sumu ya kifutu ndani ya vichupa vya maabara. Wengi wameanza vizuri. Lakini ile ya mweupe, wallahi, inaimeza sumu isibaki kitu. Tulirudia tukidhani tumekosea. Ikawa vile vile. Daktari Nduku, mama mzima wa Machakos mwenye heshima zake, alicheza pale pale kati ya meza, na mimi nikalia kama mjinga.

Bado hatujamaliza. Zimebaki dozi za mwisho, na lazima zifike kwa wakati wake, la sivyo kinga inashuka na kazi yote tangu Agosti inamwagika. Bodi itakuja kuliona kundi tarehe 16 Desemba. Wakiona ngamia na matokeo haya, Garissa imeshinda. Nimeshawaandikia kwamba kundi ni mali ya kampuni, kwa hiyo upande huo hawana wasiwasi.

Mweupe ni wa nani? Kadar anasema ukiulizwa unageuza mazungumzo. Nataka kumshukuru mwenyewe.

Wako, asiyeweza kukaa kitini,
Idman


Balambala, 8 Novemba 2024

Abti Idman,

Mvua! Imenyesha usiku wote wa Jumanne, ikapumzika, ikarudi. Si kila mahali, lakini kwetu imeshuka, na upande wa Kotile pia. Mabwawa yana maji. Watu wanasalimiana kama siku ya Idi. Ayeeyo wako ametoka nje akasimama kwenye matone, nikamwambia magoti, akaniambia nimwache. Hooyo wako atapata samli yake, asije akasema tena kwamba kaka yake ni bahili.

Matokeo yako ya maabara niliyasoma kwa sauti mbele ya wazee. Hawakuelewa vichupa lakini walielewa kwamba ngamia wetu wamemshinda nyoka, na wakafurahi sana.

Ngamia wako vizuri. Wamekwenda malishoni na wenyewe, wanakula majani mabichi. Kadar alikuwa na uso mrefu kidogo, lakini kijana huyo huwa na wasiwasi.

Salamu kwa wote.
Kerrow


Nairobi, 14 Novemba 2024

Abti Kerrow,

Salaam alaykum. Sisi wazima.

Wamekwenda malishoni? Kadar amenipigia simu akiwa karibu kulia. Anasema aliamka asubuhi baada ya mvua akakuta wazee mlangoni, wenye adabu zao zote, wakamsalimu, wakamuulizia afya ya wazazi wake, wakamshukuru kwa kuwatunzia wanyama, kisha kila mmoja akafungua wake akaondoka. Zizi ni tupu! Na wa kwanza kutoka ni mweupe.

Unajua umenifanyia nini? Dozi ya mwisho ni mwanzoni mwa Desemba. Bodi inakuja tarehe 16. Nimetia sahihi kwamba kundi ni letu. Niliandika hivyo kwa sababu yako, abti, wewe uliyesema wametoa. Ni kutoa gani huku, kwa kuchukua tena mvua ikinyesha? Wale wa Athi River wakisikia, hawatanicheka mimi peke yangu. Watasema ndivyo watu wa huko walivyo, hawawezi kukabidhiwa kiwanda. Hilo ndilo linaloniuma.

Nina hasira na wewe. Sijawahi kuwa na hasira na wewe maishani mwangu na sijui nifanye nini nayo.

Mweupe ni wa nani?

Idman


Balambala, 22 Novemba 2024

Abti Idman, mtoto wa dada yangu,

Wa alaykum salaam. Ayeeyo mzima. Barua yako niliisoma nimesimama, halafu nikaketi.

Kutoa ni kutoa, lakini wewe umekaa Nairobi hadi umesahau kutoa kwetu. Mtu akikosa maziwa wakati wa ukame, unampa ngamia wako akamue. Ngamia anabaki na alama yako, na ndama wake ni wako. Mvua ikinyesha, anarudi kundini, na hakuna anayeona vibaya. Hivyo ndivyo nilivyowaomba wale wazee, na hivyo ndivyo walivyowatoa. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyevunja ahadi. Uliniandikia habari ya dozi na ya bodi, lakini hukuniambia kwamba siku hizo ni lazima ngamia wawepo zizini hata kama mbingu zimefunguka. Ungeniambia, ningewaambia, nao wangengoja. Na mimi ningekuambia masharti yangu, ila niliogopa kampuni itakataa mkopo na ndoto yako itakufa kabla ya kuanza. Nikanyamaza. Hapo nilikosea.

Sasa mweupe. Umeuliza sana na mimi nimekuzungusha sana. Ni wako.

Ulipozaliwa, siku ulipofungwa kitovu, ayeeyo wako alishika ndama jike akasema huyu ni wa Idman. Watu walimcheka, wakasema ngamia wa kitovu hupewa mtoto wa kiume. Aliwajibu maneno ambayo siwezi kuyaandika. Mweupe ni wa uzao wa yule ndama, na wako wengine. Tulikubaliana tusikwambie mpaka urudi, kwa hofu kwamba ukiwa kijana wa mjini ungesema wauzeni. Na miaka imepita, na maziwa yao ni matamu, na mimi nimeyanywa.

Kundi lilipopungua nikampeleka mweupe bila ruhusa. Ayeeyo alipojua, aliniambia: "Kerrow, umekopesha mali ya mtu aliye hai bila kumuuliza?" Mvua iliponyesha alipanda gari mwenyewe hadi Garissa, na magoti yale, akamtoa. Wengine walikuwa wakimngoja yeye; walipoona ngamia wa nyumba ya Ardo ametoka, wakajua mkopo umekwisha.

Anasema mwenye kitovu aje, asimame mbele ya ngamia, aseme kwa mdomo wake. Mweupe akirudi, wote watarudi. Mimi naondoka kesho kwenda Kotile kuwafuata ngamia wa akina Deeq, wazee wa huko, nisipoteze muda. Usiningoje. Njoo, na mlete huyo daktari wako, umwambie ukweli njiani.

Kerrow


Nairobi, 14 Januari 2025

Kwa Abti Kerrow,

Assalaamu alaykum. Nitakuandikia kwa utaratibu, kwa sababu ulikuwa Kotile na ulipofika zizini na kundi lako vumbi na bodi vilikuwa vingi, hatukupata hata kuongea.

Nilimwambia Daktari Nduku ndani ya gari, tulipokuwa tunaingia Mwingi. Kwamba kundi si letu, kwamba niliandika nisichokijua. Tulipouona mto alivua miwani akaipangusa. Nilijua nimefukuzwa. Kisha akasema, "Kwa hiyo tulipewa wanyama bora wa wilaya nzima bure, na hatukuuliza kwa nini?"

Huko Balambala, Ayeeyo alitupokea kwa maziwa. Hakunikumbatia kwanza. Alinishika mkono akanipeleka moja kwa moja kwa mweupe. Abti, nilimdunga huyo ngamia sumu kwa karatasi tangu Agosti, nikaijua damu yake kuliko yangu, na sikuwa nimewahi kumgusa. Nililia. Nikasema kama Ayeeyo alivyonifundisha, kwa Kisomali, kwamba mimi Idman, mwenye kitovu, namkopesha huyu kwa wanaotengeneza dawa, hadi kazi iishe, mvua inyeshe isinyeshe. Watu walikuwa wamejaa. Yule mama Kaaha, aliyetukopesha jike mwekundu, akamwendea Daktari Nduku akamwambia kwa Kiswahili chake: "Daktari, hii ngamia mimi siuzi. Wewe chukua, fanya kazi yako, ukimaliza rudisha. Ngamia yangu, dawa yako." Daktari akamwambia, "Mama, nimeelewa," na nikaona kweli ameelewa.

Njiani kurudi hakulala. Alikuwa anahesabu kwa sauti: hatununui ngamia, hatuwalishi mwaka mzima, wakimaliza wanapumzika kwao na wengine wanaingia, na wenyewe wanapata fungu lao katika kila dawa inayouzwa. Alisema Athi River haiwezi kutupa hayo hata kwa fedha.

Dozi ya mwisho ilifika kwa wakati wake. Bodi uliwaona mwenyewe, na yule bwana wa viatu vyeupe uliyemuonya asisimame nyuma ya ngamia.

Jana bodi wamekaa kuanzia asubuhi. Mimi nilingoja nje kwenye korido. Daktari akatoka. Alinyoosha mikono yote miwili juu.

Garissa, abti! Kiwanda ni Garissa! Msingi unachimbwa Machi. Mkataba wa kwanza wa mkopo wa ngamia nimeutia sahihi mimi, upande wa wenye ngamia, na wanasheria hawakujua wacheke au waandike. Na wamenipa kazi ya kusimamia utengenezaji. Umeniuliza nitarudi lini na mimi nilikuwa nanyamaza, kwa sababu kama kiwanda kingeenda Athi River sikuwa na jibu ambalo ungelipenda. Nakuja mwezi ujao, na mizigo yangu yote. Hooyo anasema anakuja pia, aone hiyo samli kwa macho.

Wako, mwenye ngamia,
Idman


Garissa, 2 Februari 2025

Abti Idman,

Salaam. Wote wazima. Ayeeyo wako anamwambia kila mgeni kwamba yeye aliyaona haya yote siku ulipofungwa kitovu. Usimpinge.

Nilikuja mjini kununua kamba na sijanunua, kwa sababu kila hatua nasimamishwa. Wenye ngamia wananishika mkono, wanataka wanyama wao waingie katika zamu ijayo. Wale wale walionicheka nilipoomba ngamia wa kutiwa sumu! Mmoja ameapa dume wake ana damu kali kuliko ya mweupe. Nikamwambia damu kali ni yako wewe.

Chumba chako kiko tayari, nimekipaka chokaa. Haraka, maana mimi siwezi kuwa peke yangu na furaha kubwa namna hii.

Leo, pale soko la mifugo, mgeni mmoja mnunuzi kutoka Nairobi alisikia zogo letu akaniuliza, "Mzee, hicho kiwanda kinachozungumzwa ni cha nani?" Nikamwambia ni chetu. Akasema yeye alisoma gazetini kwamba ni cha kampuni.

Nikamwambia, "Kampuni tumeikopesha."

Kerrow